Kusoma Habari za Tetemeko la Ardhi

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilitetemeka katika mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi ya Tanzania. Watu wasiopungua 17 walikufa na wengine wengi waliumia. Maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka kuta. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, karibu na mji wa Bukoba, yaliharibika vibaya. Mtetemeko huo ulisikika hata Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya.

Muda mfupi baadaye, habari za tetemeko hilo zilikuwa zimekwisha andikwa katika orodha zinazosomwa ulimwenguni kote kwa njia ya intaneti. Waliosoma orodha hizo waliweza kujua tetemeko lilitokea wapi, saa ngapi, na lilikuwa kubwa kiasi gani. Je, watu walio mbali sana waliyajuaje mambo hayo? Na wewe ukipata habari kama hizo, utazisomaje? Utajuaje kama ni za kweli?

Katika sura hii utajifunza mambo hayo. Ikiwa shule yako ina kompyuta na intaneti, mwalimu atakuonyesha orodha yenyewe. Ikiwa haina, usihuzunike. Majaribio yote ya sura hii yaweza kufanywa kwa kijiti, penseli, rula, bikari na daftari la hesabu.

1. Kwa nini ardhi hutetemeka

Tabaka la juu la dunia ni mwamba mgumu. Tabaka hili si kitu kimoja kizima. Limegawanyika katika vipande vikubwa sana viitwavyo mabamba, na mabamba hayo husogea polepole mno. Katika Afrika ya Mashariki nchi kavu inavutwa pande mbili, na mahali inapovutwa pamefanyika Bonde la Ufa. Bonde hilo hupanuka kwa milimita chache tu kila mwaka. Ukucha wa kidole chako hukua haraka kuliko hivyo.

Bonde la Ufa lina matawi mawili. Tawi la mashariki hupita katika Ethiopia, Kenya na kaskazini ya Tanzania. Tawi la magharibi hupita mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha hufuata Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa mpaka Ziwa Nyasa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi kwa sababu maji yake yamejaa ndani ya ufa huo.

Ikiwa nchi husogea polepole hivyo, mbona tetemeko huja kwa ghafula? Fanya jaribio lifuatalo.

*Jaribio la 1.* Chukua kijiti kikavu chenye urefu wa sentimita 30 hivi. Kishike kwa mikono miwili, mkono mmoja kila ncha. Kikunje polepole. Mwanzoni kijiti hupinda tu, wala hakivunjiki. Endelea kukikunja. Kwa ghafula kitavunjika, na mikono yako itasikia mtikisiko.

Miamba nayo hufanya hivyo. Huvutwa na kupindwa polepole kwa miaka mingi. Nguvu hujilimbikiza ndani yake kama ilivyojilimbikiza katika kijiti. Mwishowe mwamba hushindwa kustahimili, nao hupasuka, au sehemu zake mbili huteleza penye ufa wa zamani. Nguvu yote iliyojilimbikiza hutoka mara moja, na ardhi hutetemeka. Mahali chini ya ardhi ambapo mwamba umepasuka huitwa chimbuko la tetemeko. Mahali juu ya ardhi palipo sawasawa juu ya chimbuko huitwa kitovu cha tetemeko.

2. Mawimbi ya aina mbili

Ukitupa jiwe katika bwawa, mawimbi huenea pande zote. Vivyo hivyo, mwamba ukipasuka, mawimbi huenea ndani ya ardhi. Mawimbi yanayopita ndani ya ardhi ni ya aina mbili.

*Jaribio la 2.* Wanafunzi kumi wasimame katika mstari, kila mmoja akiweka mikono juu ya mabega ya aliye mbele yake. Mwalimu amsukume polepole mwanafunzi wa nyuma kabisa. Msukumo huo utapita katika mstari, mwanafunzi hadi mwanafunzi, mpaka umfikie wa mbele. Baadaye mwanafunzi wa nyuma ayumbe kuume na kushoto, na wengine wafuate mmoja baada ya mwingine. Utaona kwamba safari hii mstari unajipinda kama nyoka.

Wimbi la kwanza linafanana na msukumo. Husukuma na kuvuta miamba kuelekea kule liendako. Katika miamba ya tabaka la juu hupita kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa kila sekunde. Wimbi la pili linafanana na kuyumba. Hutikisa miamba kwa upande, na mwendo wake ni kilomita 3 na nusu hivi kwa kila sekunde. Kwa hiyo wimbi la kwanza hutangulia kufika, na la pili hufuata. Mara nyingi watu husikia kwanza kishindo au mtikisiko mdogo, kisha mtikisiko mkubwa zaidi. Sasa wajua sababu yake.

3. Kupata mahali pa kitovu

Chombo kinachoandika mitetemo ya ardhi huitwa sismografu. Vyombo hivi vimewekwa katika nchi nyingi. Siku hizi habari zake hupelekwa mara moja kwa kompyuta, na kompyuta hizo huzikusanya pamoja.

Bila shaka umepata kuona umeme wa radi, kisha ukasikia ngurumo baada ya sekunde chache. Kadiri radi ilivyo mbali, ndivyo ngurumo inavyochelewa. Mawimbi ya tetemeko nayo ni hivyo. Kadiri kitovu kilivyo mbali na sismografu, ndivyo wimbi la pili linavyochelewa nyuma ya la kwanza. Kwa makadirio, hesabu sekunde zilizopita kati ya wimbi la kwanza na la pili, kisha uzidishe kwa 8. Jibu lake ni umbali kwa kilomita. Ikiwa zilipita sekunde 25, kitovu kiko mbali kwa kilomita 200 hivi.

Lakini chombo kimoja chaweza kusema umbali tu. Hakiwezi kusema peke yake kama kitovu kiko mashariki au magharibi. Kwa hiyo hapana budi kutumia vyombo vitatu au zaidi.

*Jaribio la 3.* Weka alama tatu, K, L na M, mahali mbalimbali katika ukurasa wa daftari, bila kuzipanga katika mstari mmoja. Weka alama ya nne, X, mahali popote kati yake. Pima kwa rula umbali kutoka K hadi X. Tanua bikari kwa kipimo hicho, weka ncha yake penye K, na uchore duara. Fanya vivyo hivyo kwa L na M. Utaona kwamba maduara yote matatu yanakutana mahali pamoja tu, napo ni X. Wataalamu hupata kitovu cha tetemeko kwa njia inayofanana na hiyo. Vyombo vikiwa vingi, jibu huwa sahihi zaidi.

4. Kuisoma orodha

Katika Tanzania, matetemeko huchunguzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao yake Dodoma. Nchi nyingine nazo zina taasisi za namna hiyo. Idara ya Jiolojia ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi USGS, hutoa kwa njia ya intaneti orodha na ramani ya matetemeko ya dunia nzima. Mtu yeyote aweza kuisoma bila malipo.

Tazama jinsi tetemeko la Kagera lilivyoandikwa katika orodha hiyo:

Tarehe: 10 Septemba 2016
Saa: 12:27 kwa saa za Greenwich
Mahali: nyuzi 1.0 Kusini, nyuzi 31.6 Mashariki
Kina: kilomita 40
Ukubwa: 5.9

Saa yataka kuangaliwa kwa makini. Ili watu wa nchi zote waelewane, orodha hutumia saa za Greenwich. Saa za Afrika ya Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Basi ongeza 3, upate 15:27. Saa hiyo huhesabiwa tangu usiku wa manane, lakini sisi kwa Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu asubuhi. Kwa hiyo toa 6, upate saa 9 na dakika 27 alasiri. Mtu asiyefanya hesabu hii aweza kudhani kwamba habari aliyoisoma ni ya tetemeko jingine.

Kina ni umbali kutoka uso wa ardhi hadi chimbuko. Si rahisi kukipima kina barabara, kwa hiyo wataalamu waweza kutoa makadirio yanayotofautiana. Hata ukubwa ulioandikwa katika dakika za kwanza waweza kusahihishwa baadaye, habari za vyombo vingine zinapofika. Kusahihisha huko ni kazi ya kawaida ya sayansi, wala si dalili ya uongo.

5. Kuchora ramani ya matetemeko

Habari ya tetemeko moja hutufundisha machache. Habari za matetemeko mengi zikiwekwa pamoja hutufundisha mengi. Hapa pana matetemeko manane yaliyopata kutokea katika nchi zetu na jirani zetu. Nyuzi zimeandikwa kwa namba kamili ili uweze kuchora kwa urahisi.

A. Rukwa, Tanzania, 13 Desemba 1910. Nyuzi 8 Kusini, 31 Mashariki. Ukubwa zaidi ya 7.
B. Subukia, Kenya, 6 Januari 1928. Nyuzi 0, yaani penye Ikweta, 36 Mashariki. Ukubwa 6.9.
C. Toro, Uganda, 20 Machi 1966. Nyuzi 1 Kaskazini, 30 Mashariki. Ukubwa zaidi ya 6.
D. Ziwa Tanganyika, 5 Desemba 2005. Nyuzi 6 Kusini, 30 Mashariki. Ukubwa 6.8.
E. Gelai, karibu na Ziwa Natron, Tanzania, 17 Julai 2007. Nyuzi 3 Kusini, 36 Mashariki. Ukubwa 5.9.
F. Karibu na Bukavu, Kongo, 3 Februari 2008. Nyuzi 2 Kusini, 29 Mashariki. Ukubwa 5.9.
G. Karonga, Malawi, 19 Desemba 2009. Nyuzi 10 Kusini, 34 Mashariki. Ukubwa 6.0.
H. Kagera, Tanzania, 10 Septemba 2016. Nyuzi 1 Kusini, 32 Mashariki. Ukubwa 5.9.

*Jaribio la 4.* Katika daftari la hesabu lenye miraba, chora mstari wa kulala uwe Ikweta. Pimia nyuzi 2 juu yake na nyuzi 12 chini yake, ukihesabu miraba miwili kwa kila nyuzi moja. Kwa upande, andika nyuzi za Mashariki kuanzia 28 kushoto mpaka 38 kuume. Sasa weka alama ya kila tetemeko mahali pake na uandike herufi yake. Kisha unganisha kwa mstari alama C, F, D, A na G. Unganisha pia B na E.

Linganisha mchoro wako na ramani ya Afrika ya Mashariki iliyomo katika atlasi. Utaona kwamba mstari wa kwanza umejipinda kama upinde, nao hufuata maziwa ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Mstari wa pili uko katika tawi la mashariki. Hukuambiwa uchore Bonde la Ufa, lakini matetemeko yenyewe yamekuchorea. Wanasayansi waliitambua mipaka ya mabamba ya dunia kwa kutazama ramani za namna hiyo, pamoja na ushahidi mwingine.

Alama ya E ina habari nyingine ya kujifunza. Katika siku zile za Julai 2007, miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikipenya chini ya ardhi karibu na Gelai, na matetemeko mengi yalifuatana. Mwezi Septemba mwaka huohuo mlima Ol Doinyo Lengai, ulio karibu na hapo, ulilipuka kwa nguvu.

Sasa tazama alama ya H. Haiko katika mstari wo wote. Nyuzi moja penye Ikweta ni sawa na kilomita 111 hivi. Basi utaona kwamba Kagera iko zaidi ya kilomita 200 mashariki ya mstari wa kwanza. Hili ni jambo la maana. Nyufa za zamani zimo pia katika miamba iliyo kando ya Bonde la Ufa, na nyufa hizo zaweza kuteleza. Mtu asiseme kwamba kwao hakuna hatari kwa kuwa yeye haishi bondeni.

6. Ukubwa na ukali

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili. Fikiri juu ya taa ya karabai inayowaka usiku. Nguvu ya taa ni moja tu. Lakini aliye karibu nayo hupata mwanga mwingi, na aliye mbali hupata mwanga mdogo. Ukubwa wa tetemeko ni kama nguvu ya taa. Tetemeko moja lina namba moja ya ukubwa. Ukali ni kama mwanga unaomfikia kila mtu. Ukali hutofautiana mahali na mahali, kwa kadiri ya umbali, aina ya udongo na kina cha chimbuko.

Namba za ukubwa haziongezeki kama namba za rula. Tetemeko la 6 likilinganishwa na la 5 hutikisa sismografu mara 10 zaidi, na nguvu inayotoka ni mara 32 hivi zaidi. Basi tetemeko la Ziwa Tanganyika la mwaka 2005 lilitoa nguvu nyingi sana kuliko lile la Kagera. Hata hivyo, watu waliokufa walikuwa wachache kuliko wa Kagera. Namba ya ukubwa peke yake haisemi madhara yatakuwa kiasi gani. Hapana budi kuuliza pia: watu wangapi wanakaa karibu na kitovu, na nyumba zao zimejengwaje?

Ili kujua ukali, wataalamu huwauliza watu waliosikia tetemeko. Je, vyombo vilianguka kabatini? Je, kuta zilipasuka? Tovuti ya USGS ina mahali pa kujibu maswali hayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kweli yale aliyoyaona husaidia kazi ya sayansi.

7. Habari za kweli na habari za uongo

Intaneti huchukua habari za kweli, na huchukua pia habari za uongo kwa mwendo uleule. Mara nyingi, baada ya tetemeko, watu hupelekeana ujumbe kwa simu usemao kwamba tetemeko kubwa zaidi litakuja leo usiku saa fulani. Ujumbe wa namna hii huwatia watu hofu. Wagonjwa, wazee na watoto hulala nje katika baridi au mvua bila sababu. Na saa iliyotajwa ikipita bila jambo lo lote, watu huanza kudharau hata maonyo ya kweli.

Kumbuka jambo hili: hakuna mwanasayansi aliyepata kutabiri siku na saa ya tetemeko kubwa. Wanasayansi waweza kusema ni nchi zipi zina hatari kubwa zaidi, lakini hawawezi kutaja siku. Rudi katika Jaribio la 1. Ulijua kwamba kijiti kitavunjika, lakini hukuweza kutaja sekunde.

Ukipata ujumbe juu ya tetemeko, jiulize maswali matatu. Kwanza, nani ameuandika, na je, jina la taasisi limetajwa? Pili, je, unataja siku na saa ya tetemeko lijalo? Ikiwa ndivyo, si kweli. Tatu, je, tetemeko linalosemwa limeandikwa katika orodha za taasisi zinazojulikana? Usipopata majibu, usimpelekee mtu mwingine ujumbe huo.

Onyo moja ni la kweli daima. Baada ya tetemeko kubwa, matetemeko madogo huweza kufuata kwa siku au wiki nyingi. Kwa sababu hiyo, usiingie katika nyumba iliyopasuka kuta kabla haijakaguliwa.

8. Kujikinga

Kwa kawaida tetemeko lenyewe haliui watu. Wanaoua ni ukuta, paa na vitu vizito vinavyoanguka. Basi kujikinga huanza wakati wa kujenga: kwa msingi imara, matofali yaliyofungamana vizuri katika pembe za nyumba, na mkanda wa zege yenye nondo unaozunguka kuta zote.

Ukiwa darasani ardhi ikaanza kutetemeka, usisukumane na wenzako mlangoni. Inama chini ya dawati, kinga kichwa na shingo kwa mikono, na ushike mguu wa dawati mpaka mtikisiko uishe. Kaa mbali na madirisha na makabati. Kisha tokeni kwa utaratibu mwende uwanjani. Ukiwa nje, simama mahali pa wazi, mbali na kuta, miti mikubwa na nyaya za umeme. Ukiwa chini ya mlima, tazama mawe na udongo unaoporomoka.

Mwalimu wenu atawaongoza kufanya zoezi hili angalau mara moja katika kila muhula. Kwa kuwa siku ya tetemeko haijulikani, aliye tayari ni yule aliyejizoeza mapema.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya chimbuko na kitovu cha tetemeko.
2. Sismografu moja iliandika wimbi la kwanza, na baada ya sekunde 40 ikaandika wimbi la pili. Kitovu kilikuwa mbali kwa kilomita ngapi hivi?
3. Tetemeko limeandikwa kuwa lilitokea saa 04:10 za Greenwich. Kwa Kiswahili, ilikuwa saa ngapi katika Afrika ya Mashariki?
4. Kwa nini sismografu moja haitoshi kuonyesha mahali pa kitovu?
5. Tazama ramani uliyoichora. Kijiji au mji wako uko wapi katika ramani hiyo? Ni tetemeko lipi katika orodha lililotokea karibu zaidi na kwenu?
6. Waulize wazee watatu wa mahali unapokaa kama wamepata kusikia tetemeko la ardhi. Andika mwaka, wakati wa siku, na vitu walivyoona vikianguka au kupasuka. Kwa msaada wa mwalimu, tafuta tetemeko hilo katika orodha.
7. Jirani anakuonyesha ujumbe katika simu usemao kwamba tetemeko litatokea kesho saa 2 usiku. Andika barua fupi ya heshima kumweleza kwa nini ujumbe huo si wa kuaminika.